Kuhesabu Kwenda Juu

Jumatatu ya kwanza ya Februari, Zijad Begovac alisimamisha lifti ya mgodi wa Suhi Dol. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake, na mimi niliyezaliwa hapa nasema hivyo bila kuongeza chumvi. Watu wameshuka na homa, wameshuka na mbavu zilizovunjika wakizificha wasikose zamu, na mmoja alishuka asubuhi ya arusi ya bintiye. Zijad alikuwa na miaka arobaini na mbili, na kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia shimoni. Siku hiyo alisimama kati ya wenzake kumi na watano, mlango wa vyuma ukafungwa, na kabla mashine haijalegeza kamba akanyoosha mkono akavuta kengele.

"Nani kavuta?" aliuliza Muharem, kiongozi wa timu.

"Nitoeni," alisema Zijad. "Jamani nitoeni, nakufa."

Walidhani ni moyo. Walimtoa mbio, wakamlaza kwenye benchi, wakamfungua vifungo vya shati. Hospitalini walimpima kila walichokuwa na mashine ya kukipima, kisha daktari kijana akamwambia kwamba moyo wake ni mzima kabisa, na kwamba kilichomshika ni shambulio la hofu. Alisema hivyo kwa upole. Lakini nesi alikuwapo chumbani, na nesi huyo ni shemeji yake Muharem. Kufikia saa nane mchana mji mzima ulishajua kwamba moyo wa Zijad hauna neno.

Wakubwa wa mgodi walimpa mpaka tarehe ishirini Machi. Siku hiyo angeingia kwenye lifti pamoja na daktari wa mgodi na msimamizi. Akishuka, akakaa chini saa moja na kurudi na akili zake, anarejeshwa kwenye timu. Akishindwa, jina lake linafutwa kwenye orodha ya watu wa shimoni, na miaka miwili aliyobakiza kabla ya pensheni inakuwa kumi na mitatu, kama ya watu wanaofanya kazi juu ya ardhi. Kwa wakati huo wakamweka chumba cha taa, ambako hukaa wajane na watu waliopoteza vidole.

*

Kazi ya chumba cha taa ni nyepesi. Unachukua kibao cha namba, unampa mtu taa yake, unamwambia "Bahati." Kwetu wachimbaji hawaulizani habari za asubuhi. Husema "Bahati," na anayeambiwa lazima ajibu "Bahati." Usipojibu ni kama umemtemea mtu mate.

Siku ya kwanza Zijad aligawa taa themanini na nne, akasema "Bahati" mara themanini na nne. Waliojibu hawakufika kumi. Wengine walichukua taa wakitazama pembeni, maana mtu aliyeshikwa na hofu hatakiwi kukutakia bahati. Hofu inaambukiza kupitia mdomo, ndivyo wanavyoamini, hata wale waliosoma.

"Ya kwangu inawaka vizuri?" aliuliza Muharem, sauti ikisikika mpaka nje. "Nisije nikapewa inayotetemeka."

Watu walicheka. Zijad akamsukumia taa yake kupitia dirishani.

"Bahati, Muharem."

Muharem alikohoa kile kikohozi chake cha vumbi, akaifunga taa kwenye kofia, akaenda zake. Watu hawa wawili walikuwa wamekula mkate mmoja miaka kumi na minne. Novemba iliyopita, dari lilipomwangukia Hasib, mwenzao wa timu, ni wao wawili waliomchimbua kwa mikono saa sita nzima, wakampata amekwisha. Tangu siku ile hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, wala hakuna aliyewauliza.

*

Nyumbani hofu ilikuwa imepanga chumba. Zijad hakuweza tena kufunga mlango wa bafu. Alikuwa akioga mlango wazi, na binti yake Lamija, mwenye miaka kumi na mitatu, alijifunza kupita kwenye korido akiwa ameupa bafu kisogo. Hakuna aliyemfundisha. Senija, mkewe, alipoliona hilo mara ya kwanza alikwenda jikoni akafungua bomba la maji, akalia pale sauti ya maji ikimfunika.

Mama yake Zijad, Bi Rukija, alikuwa na dawa yake.

"Umeshtuka, mwanangu. Mtu akishtuka anamwagiwa risasi iliyoyeyushwa, basi. Wewe mwenyewe nilikumwagia ukiwa na miaka minne, mbwa wa kina Alija alipokurukia."

"Mama, mimi si mtoto."

"Kwani hofu inauliza umri?"

Alikaa. Ungefanyaje, ni mama yake. Bi Rukija alimfunika shuka jeupe kichwani, akayeyusha vipande vya risasi kwenye kijiko kirefu juu ya jiko, akasoma dua alizoachiwa na bibi yake, kisha akaimwaga ile risasi kwenye bakuli la maji juu ya kichwa cha mwanawe. Ikalia chaa! Chini ya shuka Zijad alianza kuhema, lakini mkono wa mama ulikuwa kwenye shingo yake, mzito na wenye joto, akajikaza. Risasi ilitoka imechanikachanika, yenye miiba.

"Ona," alisema Bi Rukija. "Ona ilivyokuwa kubwa. Sasa imetoka."

Zijad aliilalia risasi hiyo ikiwa chini ya mto kama desturi inavyotaka, na nisiseme uongo, alilala siku mbili usingizi wa kweli. Siku ya tatu alipanda basi kwenda Zenica kununua viatu vya Lamija. Basi lilipokaribia handaki la kilimani, alimshika dereva bega akaomba kushuka. Viatu havikununuliwa.

*

Ni Senija aliyemtafuta Mirta. Pale kiwandani anakoshona viatu alikuwapo mwanamke aliyeogopa daktari wa meno hadi akang'oa jino lake mwenyewe kwa koleo, na sasa alikuwa na meno yote mapya. Alimnong'oneza Senija habari za Mirta, mwanasaikolojia wa Zenica anayetibu kwa hipnosisi. Anakulaza usingizi wa maneno, alisema, na humo ndani mnazungumza na hofu yako.

"Atanifanya nibweke kama mbwa," alisema Zijad. "Niliona kwenye televisheni."

"Ukibweka na ukashuka shimoni, mimi nitakununulia mfupa."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile, na Senija aliidaka nafasi hiyo hapo hapo, akampigia Mirta simu mbele yake. Majirani waliambiwa kwamba Zijad anakwenda kukandwa mgongo. Uongo huo uliishi siku nne. Siku ya tano Bi Fadila wa ghorofa ya pili alimsimamisha Senija kwenye ngazi.

"Nasikia mumeo kuna mwanamke mjini anamlaza."

"Anamlaza kwenye kiti, Bi Fadila. Na mimi ndiye ninayelipa."

"Mh! Dunia imeharibika."

Ili asipite handakini, Zijad alishuka kwenye basi chini ya kilima, akapanda kwa miguu barabara ya zamani na kuteremkia upande wa pili, saa nzima kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka. Aliingia kwa Mirta akiwa na matope hadi magotini. Mirta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, nywele fupi za mvi, na sauti ya mtu asiye na haraka. Hakuyatazama matope.

"Hutalala kama unavyolala usiku," alimwambia. "Utanisikia muda wote. Hutasema usichotaka kusema. Na ukitaka kuinuka, unainuka, mlango haujafungwa kwa ufunguo. Mimi si mchawi, bwana Zijad. Nitakusaidia tu mwili wako ujifunze upya jambo ulilokuwa unalijua."

Alimwomba atazame doa moja ukutani mpaka macho yachoke. Yakachoka. Alimwomba asikilize pumzi yake mwenyewe. Mabega yalianza kulegea, na Zijad akashangaa kuona kwamba mikono yake imekuwa mizito, na kwamba uzito huo haumtishi. Alijisikia vizuri. Hapo Mirta, kwa sauti ile ile, akasema maneno aliyowaambia watu wote kwa miaka kumi na miwili.

"Mbele yako kuna ngazi kumi zinazoshuka. Tunaanza kushuka. Kumi. Kila hatua unazama zaidi. Tisa. Chini zaidi. Nane. Chini, chini kabisa, kwenye giza tulivu—"

Zijad aliruka kutoka kitini kama aliyemwagiwa maji ya moto. Meza ndogo ilianguka, glasi ikapasuka. Alikuwa dirishani, anapambana na kitasa, na midomo yake imekuwa ya buluu.

Mirta alilifungua dirisha yeye mwenyewe. Walisimama pale wawili, baridi ikiwapiga usoni, mpaka pumzi ya Zijad iliporudi.

"Nimekosa," alisema Mirta. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Ni mimi niliyekosa, si wewe. Watu wote nawashusha ngazi. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Hujawahi kupata mchimbaji?"

"Miaka kumi na miwili. Mabonde yote haya yamejaa wachimbaji, na wewe ndiye wa kwanza."

"Huwezi kuwaona," alisema Zijad. "Wanaona aibu."

Alichukua koti lake. Alikuwa amekata tamaa, na alijua kwamba kilima kinamsubiri na kwamba nyumbani watu watatu watamwangalia usoni kabla hajavua viatu. Mirta alikuwa amepiga magoti anaokota vipande vya glasi.

"Bwana Zijad. Kabla hujaondoka. Ni saa ngapi ya siku mwili wako ulikuwa unapumzika? Zamani, kabla ya haya."

Alifikiri huku mkono mmoja ukiwa ndani ya koti.

"Lifti ikipanda. Mwisho wa zamu. Unaona mwanga kwanza mdogo hivi, halafu unakua. Halafu bafu. Sisi tunasuguana migongo, maana makaa ya mgongoni huwezi kuyafikia mwenyewe. Unasimama tu, maji ya moto, na mtu anakusugua."

Mirta alikaa pale pale sakafuni. "Basi kaa," alisema. "Tutapanda."

*

Walipanda siku hiyo na Alhamisi tano zilizofuata. Walihesabu kutoka moja, na kila namba ilikuwa mita kumi kuelekea mwanga. Alhamisi ya tatu Zijad alimtaja Hasib, macho ameyafumba, akasema siku ile ya kumchimbua kucha zake yeye zilitoka na hakuzisikia zikitoka, na machozi yakashuka mpaka kwenye kola bila yeye kuyafuta. Jioni ile Zijad alipanda basi la kurudi, akafumba macho, na alipoyafumbua basi lilikuwa limeshatoka upande wa pili wa handaki. Alishuka kituoni akanunua viatu vya Lamija, saizi moja zaidi.

Lakini basi si lifti, na yeye alilijua hilo. Alhamisi ya tano, zikiwa zimebaki siku nane, alisema wazi.

"Juu naweza. Hata nikiota napanda. Ila siku ile nitashuka, na mwili wangu si mjinga."

"Niambie inavyokuwa. Kila sekunde."

Akamweleza. Sakafu inavyokimbia miguu. Tumbo linavyobaki nyuma. Kisha mwendo mmoja, kelele tupu. Halafu akakuna kidevu.

"Kuna kitu cha kijinga. Kila mchimbaji anakijua, tunawatania nacho wageni. Lifti ikikaribia chini inaanza kupunguza mwendo. Ukifumba macho hapo, mwili unakwambia tunapanda. Unaapa kabisa tunapanda. Mgeni akifumbua macho anakuta yuko chini, watu wanakufa kwa kicheko."

Mirta aliweka kalamu mezani. "Hapo mnapoanza kupanda, ni sekunde ngapi tangu mlango ufungwe?"

"Thelathini. Thelathini na tano hivi."

"Basi sihitaji kuudanganya mwili wako dakika nzima. Ni hizo thelathini tu. Baada ya hapo mwili wenyewe utaamini unapanda, utahesabu pamoja nasi."

*

Tarehe ishirini Machi, Bi Rukija aliamka kabla ya alfajiri akaoka pai ya viazi. Zijad alikula kipande kimoja, akafunga mlango wa bafu, akaoga. Nje ya mlango ule uliofungwa Senija na mama mkwe walitazamana.

"Bahati, baba," alisema Lamija mlangoni. Viatu vipya alikuwa amevivaa.

"Bahati, mama yangu."

Kwenye chumba cha taa alimkuta Bi Mevlida, mjane mwenye vidole vya jongo, aliyekaa naye wiki zile sita. Bi Mevlida aliisugua taa yake kwa pindo la kitambaa chake cha kichwani kabla ya kumpa. Wenzake wa timu walikuwa wamekwishasimama kwenye foleni ya lifti. Walikuwa wamewekeana dau la kahawa. Kumi na mmoja walisema atashindwa, na walimwambia hivyo mbele yake, kwa utani ambao hata wao haukuwafurahisha sana. Muharem alikuwa ameweka dau lakini alikataa kutaja upande.

Daktari wa mgodi alitazama saa. "Tuingie, mabwana."

Waliingia wote, daktari, msimamizi na timu nzima, na mlango wa vyuma ukafungwa. Kengele ililia mara mbili. Zijad alifumba macho, akaegemeza mgongo kwenye chuma baridi.

Sakafu ikakimbia.

"Moja," alisema kwa kunong'ona. "Mbili. Tatu."

Tumbo lilibaki juu. Alisikia harufu ya chuma kilicholowa na makaa, na hofu ikaamka mahali pake pale chini ya mbavu, ikajinyoosha. Nane. Tisa. Mwanga ni mdogo, upo juu. Kumi na moja. Mikono ilianza kufa ganzi. Kumi na tano. Alijua kengele ilipo, angeifikia bila kufumbua macho. Kumi na nane. Aliona vidole vya Hasib, vya mkono wa kulia, jinsi vilivyotokeza kwanza kwenye kifusi.

Namba ikapotea. Alitafuta ile inayofuata akakuta kiza. Aliisahau, namba ambayo mtoto wa miaka mitatu anaijua. Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea kengele.

"Kumi na tisa," ilisema sauti upande wake wa kushoto.

Ilikuwa sauti ya chini, ya mikwaruzo, karibu kabisa na sikio lake. Zijad alivuta pumzi.

"Ishirini," alisema.

"Ishirini na moja," ilisema ile sauti.

Waliendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kelele za kamba zikiwafunika wote wawili. Ishirini na tano. Ishirini na nane. Kwenye thelathini na mbili sakafu ilimsukuma nyayo. Mwili ukainuka, magoti yakawa mazito, na Zijad Begovac, akiwa mita mia nne na hamsini ndani ya ardhi na akizidi kushuka, alipanda kuelekea mwanga mpaka ukamjaa usoni. Mtu upande wake wa kushoto alikohoa kikohozi cha vumbi.

Alipofumbua macho lifti ilikuwa imesimama. Daktari alimshika mkono akasoma mapigo, akaandika. Muharem alikuwa ameshatoka, anapiga kelele kwa watu wake kwamba hawakuja kutalii.

Alikaa chini saa moja. Alipapita pale dari lilipoanguka, pakiwa sasa na nguzo mpya, akasimama kidogo, akaendelea. Hofu ilikuwapo. Ilimfuata nyuma hatua tatu, kama ilivyofaa, maana shimo si mahali pa kuchezea. Lakini haikumpanda mgongoni.

*

Daktari alitia sahihi saa sita mchana. Zijad alimpigia Senija kiwandani, akamwambia neno moja, na mashine za kushona zilisikika kwenye simu kwa muda mrefu. Alipomaliza aliamua kuisubiri timu yake. Zamu ilipotoka aliingia nao bafuni, ingawa hakuwa na makaa ya kutosha ya kumhalalishia, akasimama chini ya maji kwenye nafasi yake ya zamani mwisho wa ukuta. Waliopoteza dau walinung'unika kuhusu kahawa. Wawili walimpiga bega. Hakugeuka, aliogopa asije akalia mbele yao.

Kisha mtu alichukua sifongo kutoka kwenye msumari, akaanza kumsugua mgongo. Alisugua kwa nguvu, kutoka mabegani hadi kiunoni. Mkono ulikuwa unatetemeka. Zijad aliusikia ukitetemeka kupitia sabuni, akajua kwamba haukuanza kutetemeka leo.

Wenzao walitoka mmoja mmoja, mpaka pakabaki maji tu.

"Kesho," alisema Muharem nyuma yake, sauti haipiti hata futi moja, "hesabu kwa sauti kubwa zaidi kidogo. Ile lifti ina kelele. Mwanzoni kabisa nilikuwa sikusikii."

Zijad alifumba macho. Aliinua mikono akaiegemeza ukutani, ili mwenzake asugue vizuri.

"Nitahesabu kwa sauti," alisema.